Iafoni za Lameck

Jumatatu, 2 Juni

Tumeanza kuchuma kahawa ya Mzee Gaudiosus, ile ya chini ya migomba. Mbivu bado si nyingi. Nilipoinama kunawa, simu ilichomoka mfukoni ikatumbukia kwenye ndoo. Imewaka tena, inaonyesha kila kitu, ila spika imekufa. Tundu la waya lilishaharibika zamani. Maana yake simsikii Sperancia.

Mke wangu hajui kuandika. Akiwa na neno analisema kwenye simu ya kaka yake Yustus, kwetu Kibondo, na Yustus ananitumia. Mimi najibu kwa maandishi, Yustus anamsomea. Ndoa yetu inapita mdomoni mwa shemeji.

Huu ndio wakati mbaya kuliko wote wa kutomsikia. Mzee Gaudiosus ameniambia kwamba nikimaliza msimu vizuri, na wanakitongoji wakinikubali, atanipa kile kibanda cha nyuma na kipande cha kupanda maharage mvua zikianza. Niwalete mke na mtoto. Miaka yote hii nazunguka kwenye vibanja vya migomba vya watu kama mbuzi wa kuazima, na hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Nimemwandikia Sperancia aje. Majibu yake yamo humu ndani ya simu, nayatazama tu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepanda bodaboda kutoka hapa Nyakakika mpaka Kayanga. Karibu na stendi kuna kijana anaitwa Lameck, anauza vifaa vya simu. Akanionyesha iafoni za blutuu, zisizo na waya, zimelala kwenye kikasha kama mayai kwenye kiota.

"Mzee, ukivaa hizi dunia yote inazimika."

"Sitaki dunia izimike. Nataka kumsikia mke wangu."

"Utamsikia mpaka anavyomeza mate."

"Na zikifa?"

"Kwani mimi nahama? Zitumie msimu huu, shika kila ubaya wake kichwani, uje unipe ripoti. Zikiwa na kasoro nakubadilishia."

Zilikuwa za bei ya chini kuliko zote pale mezani, na bado niliuma meno kulipa. Kwenye boksi kuna picha ya mtu amefumba macho kama anayebatizwa. Kasoro nitaziandika humu, maana kichwa changu baada ya kuchuma kutwa hakishiki kitu. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kuandika naweza.

Nimemsikia Sperancia. Alikuwa ameacha maneno matatu. Kwanza, mwanetu Vero ameng'oka jino. Pili, paa linavuja upande wa kitanda. La tatu ndilo hili: "Evaristi, nimekusikia. Lakini huko wana lugha yao na watu wao. Nikija, halafu wakakuchoka, mimi narudi wapi? Mtu akihama na mtoto hahami mara mbili. Ngoja niwaze."

Jumatatu, 9 Juni

Ripoti. Ya kulia ni nzima. Ya kushoto inakatika ukigeuza shingo. Zote mbili zinadondoka ukiinama, na mchuma kahawa kazi yake ni kuinama na kunyoosha mkono. Leo nimeitafuta moja kwenye majani makavu ya migomba kama anayetafuta sindano.

Alhamisi, 12 Juni

Jua. Vumbi. Kuchuma.

Jumapili, 15 Juni

Bibi Kokuberwa, mjane wa kibanja cha jirani, amenikuta nimekaa kwenye jiwe nimevaa iafoni.

"Mwanangu, umeziba masikio na nini? Yanauma?"

"Shikamoo bibi. Hapana, ni redio ya siku hizi."

"Marahaba. Sasa redio gani mtu anaisikiliza peke yake kama mchoyo?"

Akacheka, akanipa ndizi mbili za kuchoma alizokuwa amezifunga kwenye khanga. Hapa ni yeye peke yake anayeniita kwa jina. Wengine wananiita Mha, kabila langu tu.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimejifunza kitu cha hapa. Tulikuwa tunageuza kahawa kwenye turubai, mara nikasikia mwanamke anapiga yowe, refu, linapanda na kushuka. Mzee Gaudiosus, mwenye magoti mabovu, aliruka kama kijana. Mke wake, Mama Joanitha, alikimbia na mwiko mkononi. Nikawafuata na jembe. Kumbe ndama wa Bibi Kokuberwa ametumbukia kwenye shimo la kuivishia ndizi. Watu walitoka kila upande, wengine hata siwajui. Niliingia shimoni nikamsukuma ndama kwa bega mpaka akatoka.

Wakati wa kurudi Mzee akanieleza. Yowe hilo wao wanaliita enduru.

"Enduru haina mgeni wala mwenyeji," akasema. "Ukiisikia, unatema hata chakula kilichomo mdomoni. Ukiisikia ukakaa, basi wewe na lile jambo baya ni kitu kimoja."

Deodatus, mwenyekiti wa kitongoji, alinipiga bega. "Mha anakimbia huyu! Nilidhani na hivyo vidude hasikii."

"Mwenyekiti, vidude hivi havizuii kitu," nikamwambia. "Aliyeniuzia ameniongopea. Nasikia mpaka kuku wanavyoparua."

Wakacheka wote. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha ya kuchekwa vizuri.

Jumanne, 24 Juni

Sperancia: "Bado nawaza." Nyuma yake namsikia Vero anaimba. Nimerudia mara nyingi mpaka chaji ikaisha. Ripoti: chaji haikai.

Jumamosi, 28 Juni

Upepo wa kiangazi umeanza. Unashuka kutoka mlimani kuanzia saa sita na hautulii mpaka jioni. Kahawa inakauka vizuri, midomo yetu pia.

Jumatano, 2 Julai

Nimechoka na kuokota iafoni. Nimekata sifongo kidogo kwenye godoro nikaizungushia kila moja, kisha nikafunga kichwa kwa kipande cha kitenge chekundu alichonipa Mama Joanitha. Sasa hazidondoki hata nikipanda mti, na ile ya kushoto haikatiki tena, labda kwa sababu imebanwa. Sauti imekuwa nene, iko katikati ya kichwa.

Mama Joanitha anasema nafanana na mtu aliyeumwa na meno.

Jumanne, 8 Julai

Tumehamia shamba la juu, kwenye mgongo wa kilima. Huko mtandao unashika vizuri. Chini kwenye kibanja inabidi uinue simu kama unaombea mvua.

Jumatatu, 14 Julai

Kuchuma. Kuanika. Kugeuza. Sperancia hajasema kitu.

Ijumaa, 18 Julai

Mzee amenionyesha kibanda. Mlango unahitaji bawaba. Nimepima kitanda kitakapokaa, kwa hatua. Mwenyekiti Deodatus alipita akasema, "Baada ya msimu tutakaa kikao, tukuandike kwenye daftari la wakazi. Watu hawana neno baya juu yako." Niliinama mpaka chini kumshukuru.

Jumatano, 23 Julai

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilikuwa juu peke yangu. Alasiri upepo ulikuwa mkali. Simu ikatikisika, ni meseji ya sauti ya Sperancia. Nikaweka ndoo chini, nikakaza kitambaa, nikafungua.

"Evaristi, nimewaza nimemaliza. Nakuja. Mbuzi nimewauza, nyumba nitamwachia mdogo wangu. Mwezi wa nane ukianza napanda basi. Usinijibu maneno mengi, nitaogopa. Niambie tu nishukie wapi."

Nilisikiliza tena. Na tena. Sikumbuki mara ngapi. Nilisimama juu ya jiwe, macho nimefumba, nikanyoosha mikono yote miwili juu, mtu mzima, nikaicheza mikono hewani. Nikamwandikia: Kayanga stendi. Halafu nikafungua tena nisikie pale aliposema nakuja.

Niliposhuka na ndoo yangu jioni nilikuwa napiga mluzi. Kwenye njia nikakutana na watu wanapanda, nyuso zimejaa masizi, nguo zimelowa. Mama Joanitha kaungua nywele za mbele. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafungua mdomo: "Mke wangu anakuja!"

Mzee Gaudiosus akaniuliza taratibu, "Ulikuwa wapi?"

Jiko la Bibi Kokuberwa limeungua. Upepo ulirusha cheche kwenye nyasi za paa, ukapeleka moshi wote bondeni. Ndani alikuwa ameweka kahawa yake yote ya mwaka huu, imeshakauka. Ndama pia, alikuwa amefungwa humo kukwepa jua. Bibi ameungua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, amepelekwa zahanati. Alipiga enduru mpaka sauti ikakauka. Walikuja kutoka ng'ambo ya bonde. Kutoka ng'ambo! Mimi nilikuwa juu yake tu, naweza kurusha jiwe likafika.

"Sikusikia," nikasema. "Nilikuwa nimefunga masikio."

Nilisikia jinsi neno hilo lilivyotoka, na nikaona jinsi lilivyopokelewa.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda kumwona Bibi zahanati. Ndugu zake wamekaa mlangoni. Wameniambia amelala.

Ijumaa, 25 Julai

Kwenye chemchemi nilisalimia. Kina mama walisimama na ndoo zao wakingoja nimalize kuchota, kana kwamba mimi ni ng'ombe anayekunywa. Hakuna aliyeitikia. Watu hawa, ambao salamu yao huanza kwa ya jana ikaishia kwa ya mifugo!

Jumapili, 27 Julai

Wanaume wanajenga jiko jipya. Nilikwenda, nikabeba nguzo. Mpwa wake Bibi akaja akaishika upande wa pili, nikadhani ananisaidia. Akaivuta taratibu kutoka mikononi mwangu akaondoka nayo. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 28 Julai

Mama Joanitha ananipakulia chakula na kukiweka kwenye kizingiti. Zamani nilikula mezani na Mzee.

Jumatano, 30 Julai

Ningeweza kumwandikia Sperancia asije. Nimeanza mara mbili nikafuta. Mwenyekiti amesema kikao ni Jumapili baada ya ibada, na kwamba nitasikilizwa. Deodatus ni mtu wa haki. Akinisikiliza ataelewa, na nitakuwa nimemtisha mke wangu bure.

Ijumaa, 1 Agosti

Kahawa ya mwisho. Upepo.

Jumapili, 3 Agosti

Kikao kilikaa uani kwa mwenyekiti. Walikuwepo watu wa makanisa yote mawili ya kitongojini. Bibi Kokuberwa aliletwa, mkono umefungwa bandeji, akakalishwa kwenye kiti chenye mto.

Nilieleza yote: sifongo, kitambaa, upepo, meseji. Mzee mmoja akauliza, "Si wewe ulisema hapa kwamba vidude havizuii kitu? Kwamba unasikia kuku?"

"Nilisema, mzee. Ilikuwa kabla ya kuvifunga."

"Siku ya ndama ulikuwa navyo na ulisikia."

"Nilisikia, mzee."

Deodatus akanyoosha mkono. "Tusibishane. Kitu chenyewe kipo. Tukipime."

Wakamtuma mpwa wa Bibi ashuke mpaka penye jiko lililoungua. Sisi tukapanda shamba la juu, mpaka kwenye lile jiwe. Mwenyekiti akavaa iafoni na sifongo zake, akafungwa kitenge chekundu, nikakaza mwenyewe kama ninavyokaza siku zote. Watu walitaka kucheka wakajizuia.

"Weka kilekile ulichokuwa unasikiliza," akasema.

Nikaona aibu. Lile lilikuwa neno la mke wangu kwangu. Lakini niliweka. Nikamwangalia usoni wakati Sperancia anasema nakuja, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Sperancia anaongea Kiha. Mwenyekiti alikuwa anasikia mwanamke anaongea, basi.

Kilima chote kilinyamaza. Mama mmoja alimziba mtoto mdomo. Hata upepo, ambao ulinizibia dunia siku ile, leo ulikuwa umelala. Kutoka chini yule mpwa akapiga enduru.

Mwenyekiti akainua mkono.

Wakarudia. Akainua tena. Akavua kitambaa, akanirudishia iafoni mkononi polepole, kama mtu anayekurudishia kitu alichokivunja.

"Inasikika kwa mbali," akasema. "Lakini inasikika."

"Mwenyekiti, wewe ulikuwa unaingoja."

"Na wewe hukuwa unaingoja?"

Nikasema kweli: "Hapana."

"Sisi hapa kila mtu anaingoja, Evaristi." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Akiwa shambani, akiwa kanisani, akiwa na mke wake. Ndiko kukaa pamoja huko. Kingine sikijui."

Nilitaka kusema kwamba yeye alisikia sauti tu, mimi nilimsikia mke wangu. Nilitaka awepo mtu mmoja pale anayejua Kiha, avae, asikie, halafu tupige enduru tuone kama atainua mkono. Lakini mtu wa namna hiyo nilikuwa mimi peke yangu.

Tuliposhuka, Bibi Kokuberwa akasema ana neno. Aliongea nami, si nao, na hakuwa na hasira.

"Mwanangu, mimi nilikuona. Kitambaa chako chekundu kilionekana vizuri kule juu. Watu wote nilikuwa nawapigia yowe tu, lakini wewe nilikuita kwa jina. Nikakuona unasimama juu ya jiwe, nikasema, Mungu mkubwa, ameniona. Halafu ukanipungia mikono. Miwili."

Watu wakaguna.

"Nikadhani unasema unakuja," akasema. "Nikaacha kumfungua ndama, nikakungoja."

Nifungue mdomo niseme nini? Kwamba nilikuwa nacheza?

Uamuzi ni huu. Hawasemi mimi ni mwizi wala mchoma nyumba. Lakini hawawezi kumwandika mtu ambaye enduru haimfikii. Wiki hii nimalize, niende salama. Nilimtazama Mzee Gaudiosus. Alikuwa anaangalia magoti yake.

Jumatatu, 4 Agosti

Alfajiri nilipanda juu nikamwandikia Yustus: Mwambie asitoke. Mambo yameharibika, nitaeleza.

Amejibu saa nne. "Shemeji, mbona umechelewa? Wametoka jana. Yuko Nyakanazi kwa ndugu wa jirani, Jumatano anapanda basi la Kayanga. Simu hana, na namba ya hao ndugu sina. Alikuwa na furaha sana, sijawahi kumwona hivyo."

Jumanne, 5 Agosti

Mzee Gaudiosus amenilipa haki yangu yote. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Ningekutetea," akasema. "Lakini mimi hapa nitazikwa na watu hawa."

"Naelewa, mzee."

"Bugomora, huko Kyerwa, nasikia kahawa yao bado. Wanatafuta watu."

"Unamjua mtu huko?"

"Simjui."

Mama Joanitha amenipa mkungu mmoja wa ndizi na akageuka haraka. Zamani nilimwona mwanamke mkali. Leo niliona mabega yake yanatikisika, nikajua kwamba hata wao wamefungwa na kitu hiki kama mimi, tofauti ni kwamba wao wamefungwa kwa ndani.

Nimepita kwa Bibi. Nimesimama nje ya uzio nikasema shikamoo. Akasema marahaba kutoka ndani. Hakutoka. Niliondoka.

Jumatano, 6 Agosti

Kayanga. Nimefika mapema na begi na mkungu wangu. Lameck ameniona kutoka kwenye meza yake.

"Mzee wa mke! Vipi ile ripoti? Zina kasoro nikubadilishie?"

Nilifikiri. Ya kushoto, ukiibana, haikatiki. Ukifunga kitambaa hazidondoki. Kila alichoniahidi zimefanya.

"Hazina kasoro," nikamwambia. "Unaweza kumuuzia mtu yeyote."

"Si nilikwambia?"

Nimekaa kwenye ukuta wa stendi. Nimetayarisha la kumwambia Sperancia na kulibomoa, nikatayarisha jingine. Nianze na moto, au nianze na Bugomora? Nimwambie hapahapa, au tupande gari kwanza? Kila mwanzo unafika mahali anaponiuliza arudi wapi, na hapo nakwama.

Basi liliingia saa tisa na nusu, jekundu lote kwa vumbi. Alishuka na Vero, ndoo, godoro limefungwa kamba, na kuku mmoja. Amekonda. Amesuka nywele. Aliweka mizigo chini, akajipangusa uso kwa ncha ya khanga, na kabla sijasema hata neno akapiga goti kidogo mbele yangu, katikati ya stendi, akanisalimia kwa Kinyambo, lugha ya hapa.

Maneno yalikuwa yamepinda lakini yalikuwa yenyewe. Mama mmoja wa Kayanga alikaa naye kiti kimoja tangu Benako akawa anamfundisha, amefanya mazoezi njia nzima.

Nikaitikia, kama wanavyoitikia hapa, kwa adabu zote, mpaka mwisho wa salamu.

Akacheka kwa sauti. Akamgeuza Vero anitazame, akamwambia, "Umeona? Wananielewa."